Kioo cha milimita 150: shajara ya darubini niliyoisaga kwa mkono Mafinga

12 Januari 2025

Mteja amekikataa kioo cha meza kwa sababu kona imemeguka. Ana haki, mkono wangu ndio ulioteleza. Sasa kipande hicho cha unene wa milimita 19 kimeegemea ukuta wa duka, ubavuni kijani kama chupa ya soda, na kila nikipita nakiona kama deni.

Nimekata vioo hapa Mafinga kwa miaka 14. Madirisha, makabati, fremu za picha za harusi. Wiki iliyopita bintangu, yuko kidato cha pili, alikuja dukani na daftari la fizikia akaniuliza kioo mbonyeo kinatengenezwaje. Nikamwambia, "Kiwandani, mwanangu." Akasema, "Na kabla ya viwanda, baba?" Nikajifanya nina mteja.

Shuleni mimi nilikuwa wa dawati la nyuma. Ripoti zangu ziliandikwa "anajitahidi", neno ambalo kila mzazi anajua linaficha nini. Basi sianzi jambo hili kwa kujiona mjuzi. Nina kioo kilichokataliwa, nina swali nililolikimbia, na jioni dukani hakuna watu. Nataka kusaga kioo cha darubini, kipenyo milimita 150, fokasi, yaani umbali ambako kioo kinakusanya mwanga, milimita 1,200. Nitaandika hatua pamoja na makosa yake.

19 Januari

Kikata kioo cha kawaida hakifui dafu mbele ya unene huu. Nimetafuta bomba la bati lenye kipenyo ninachotaka, nikalisimamisha juu ya kioo, nikamwagia unga wa silikoni kabaidi na maji, nikawa nalizungusha kushoto na kulia. Bati lenyewe halikati kitu. Unga ndio unaokata, bati linaubeba tu. Jioni nne za kuzungusha, hadi duara likabaki limeshikwa na utando mwembamba kwa chini. Hapo furaha ikanizidi, nikaligonga litoke.

Likatoka vipande viwili.

2 Februari

Maduara mawili mazima. Moja ni kioo chenyewe, la pili ni mwenza wake wa kusagiana naye. Kijana wangu wa dukani kauliza, "Bosi, hii inalipa lini?" Nimemwambia anywe chai kwanza.

8 Februari

Nimejaza pipa la lita 200 mchanga lisitikisike, nikambana mwenza juu yake kwa vigingi vitatu vya mbao. Unga mkavu nambari 80, mkubwa kama chumvi, kijiko kimoja, na maji. Kioo juu. Unasukuma mbele, unavuta nyuma, unakizungusha kioo kidogo mikononi, unapiga hatua moja kulizunguka pipa, unarudia. Mlio wake ni wa kutia ganzi meno. Ukinyamaza, unga umechoka, unaongeza mwingine.

Cha ajabu ni kwamba unasaga bapa kwa bapa, lakini la juu linabonyea na la chini linabinuka. Sababu nimeielewa jioni, baada ya kusimama na kuangalia badala ya kusukuma. Kioo cha juu kikitoka nje ya ukingo, uzito wake wote unaelemea pale katikati yake inapokutana na ukingo wa mwenza. Kwa hiyo cha juu kinaliwa katikati, cha chini kinaliwa pembeni. Saa mbili tu, na ukiweka rula juu yake unaona mwanga ukipita chini ya rula.

La pili ndilo limeninyima usingizi. Nyuso mbili zinazosuguana huku na huko, zikizungushwa kila upande, haziwezi kuendelea kugusana kila mahali isipokuwa zote mbili ni vipande vya tufe. Hakuna umbo jingine linalokubali. Hivyo mkono wangu hauhitaji kulijua tufe. Nikisukuma vibaya hapa, hatua inayofuata nasukuma vibaya kwa upande mwingine, na makosa yanakulana yenyewe. Nimesoma pia kwamba mkono sahihi mno, unaorudia msuguo ule ule kwa urefu ule ule, ndio unaochora pete kwenye kioo. Miaka yote nilidhani kazi za namna hii zinawasubiri watu wenye mikono ya malaika!

15 Februari

Kina kinachotakiwa katikati nimekikokotoa na bintangu. Nusu kipenyo ni 75. Unazidisha kwa 75, unagawa kwa mara mbili ya nusu kipenyo cha tufe lenyewe. Nusu kipenyo hicho ni mara mbili ya fokasi, yaani 2,400. Jibu ni milimita 1.17. Kazi yote hii, pipa, mchanga, mabega kuuma, ni ya kutoa shimo la zaidi kidogo ya milimita moja.

Napima kwa rula ya chuma na vile vibati vyembamba vya mafundi magari vya kupimia nafasi ya valvu. Leo 0.6.

23 Februari

Jua limetoka katikati ya mvua. Nimelowesha kioo kwa maji ili kiakisi, nikalitupa jua kwenye ukuta wa jirani na kutafuta umbali ambao doa linakuwa dogo kuliko pote. Milimita 1,260. Doa lenyewe kubwa kama kifungo cha shati. Kumbe hiyo ni picha ya jua, si doa. Nilisimama pale hadi maji yakakauka na jua likapotea ukutani.

Bado kidogo kifike 1,200.

9 Machi

Nimepita nambari 120, sasa niko 220. Kila unga unafuta mashimo ya unga uliotangulia na kuacha yake madogo zaidi. Hakuna la kusimulia, isipokuwa usafi. Chembe moja ya 80 ikibaki kwenye ukucha au kwenye mkono wa shati, inachora mstari wa kioo kizima. Nimeoga mara mbili kwa siku. Mke wangu anasema angejua kwamba darubini inaniogesha hivi angeinunua zamani.

16 Machi

Mkwaruzo. Mrefu kama kidole. Narudi 120.

30 Machi

Nambari 600 imekwisha. Kioo sasa ni cheupe kama yai, laini, na ukikiinamisha sana karibu na taa unaona uzi wa balbu ukimeta. Inayofuata ni kung'arisha, na kwa hiyo nahitaji lami. Sisemi lami ya barabara. Ni lami ya utomvu wa miti, inayokaa ngumu ukiigonga lakini inatiririka polepole ukiiacha.

12 Aprili

Hapa kwetu utomvu si tatizo. Ukienda upande wa shamba la miti la Sao Hill unaona misindano imechanjwa magome na vifuko vimening'inia chini ya chale. Nilimkuta mama mmoja mtu mzima akikusanya. "Shikamoo mama." "Marahaba. Kamwene." Nikamweleza ninachotaka. Akanitazama kwa huruma kidogo. "Unataka kung'arishia kioo? Kwa gundi inayonata hivi?" Nikasema ndiyo. Akacheka, akaniuzia nusu ndoo, akasema nikifanikiwa nije nimwonyeshe.

Kuchemsha ni nje, moto mdogo, mbali na nyumba, mfuniko karibu, kwa sababu mvuke wake unashika moto kama petroli. Ukipoa ni mgumu na unavunjika kama pipi. Unaulainisha kwa mafuta ya nyonyo, kijiko kwa kijiko, hadi ukucha wa dole gumba ukiukandamiza kwa nguvu uache alama bila kupasua. Nimemwagia juu ya mwenza, nikakata mifereji ya miraba, nikaukandamizia kioo upate umbo lake.

Unga wa kung'arisha ni serium oksaidi. Mafundi simu wanao, wanaondolea michubuko ya skrini.

4 Mei

Naandika haya nikiwa na hasira, nisamehewe mwandiko.

Tangu tarehe 21 Aprili nimeng'arisha kila jioni. Saa mbili, mara nyingine tatu. Kioo kilianza kung'aa katikati, mng'ao ukatambaa kuelekea pembeni, nikaona raha. Nilijiambia mimi ni mtu wa bidii, na bidii ndiyo ninayoijua. Siku niliyochoka niliongeza nusu saa ili nijivunie. Sikupima hata mara moja. Kupima kunahitaji kuunda kifaa, na kuunda kifaa kulionekana kupoteza muda wa kusugua.

Jana ndipo nilipounda. Kipimo hiki alikibuni Mfaransa Léon Foucault mnamo 1858, na vifaa vyake ni aibu kwa jinsi vilivyo rahisi. Tochi, kipande cha kopo la soda kilichotobolewa kwa ncha ya sindano, na wembe. Unakisimamisha kioo umbali wa mita 2.4, unakitupia nuru ya tundu, miali inarudi na kukutana karibu na tundu lenyewe. Unaweka jicho pale, unaingiza wembe polepole kuikata miali. Kama kioo ni tufe safi, chote kinafifia kwa pamoja kuwa kijivu. Kama kina kosa, kosa linasimama mbele yako kama kilima au bonde lililopigwa na jua la jioni, hata kama kina chake ni sehemu ndogo ya elfu ya milimita.

Nilichokiona ni sahani iliyopinda. Katikati shimo, halafu pete iliyoinuka, halafu ukingo umeporomoka kama barabara iliyoliwa na mvua. Jioni 13 za bidii zilikuwa zinachimba shimo lile lile. Lami yangu ilikuwa laini mno pembeni, na kila jioni nilikuwa nazidisha kosa kwa moyo safi.

Ukingo ukiporomoka hivyo hautengenezeki kwa kung'arisha. Narudi kwenye unga wa 600.

11 Mei

Hasira imepoa. Nimebandika karatasi ukutani juu ya pipa: NUSU SAA, KISHA WEMBE. Nikishamaliza nusu saa nakiacha kioo kipoe, napima, nachora nilichokiona, naandika ninavyodhani kimesababishwa na nini. Ndipo nasukuma tena, nikibadili jambo moja tu. Urefu wa msuguo, au uzito wa mikono, au lami. Nikibadili mawili sijui lipi limefanya kazi.

Kazi imepungua mwendo. Lakini nagundua nafika dukani jioni nikitaka kujua, na mwezi uliopita nilikuwa nafika nikitaka kumaliza.

8 Juni

Baridi ya Mufindi imeingia. Lami niliyoipika Aprili imekuwa jiwe, kioo kinateleza juu yake bila kushika na kupiga kelele kama panya. Nimeikwangua yote, nimeipika upya na kijiko kimoja zaidi cha nyonyo. Hili ukiliandika ni sentensi moja. Mimi limenila siku tano.

14 Juni

Bintangu ameniuliza kipimo cha wembe kinaona kitu kidogo kiasi gani. Badala ya kumjibu nimemwambia abandike dole gumba juu ya kioo, ahesabu hadi 20, aondoe. Tukaangalia. Palikuwa na uvimbe! Pale alipogusa, joto la kidole lilikuwa limekivimbisha kioo, na kivuli chake kilionekana wazi kama kichuguu. Ukafifia polepole, kama dakika mbili tatu, kikarudi bapa. Tumelirudia mara sita. Akajaribu kidole kidogo, akajaribu pua. Hakuna kazi iliyofanyika jioni ile na sijutii.

Kisha nikaelewa kwa nini vipimo vyangu vya asubuhi na jioni havikubaliani. Nilikuwa nakishika kioo kwa mikono iliyotoka jikoni.

29 Juni

Usiku nasoma kwenye simu habari za William Herschel, mtazama nyota wa zamani. Alizaliwa Hannover mwaka 1738, akahamia Uingereza, akawa mpiga ogani katika kanisa la mji wa Bath. Mtu wa muziki. Alianza kusaga vioo akiwa na umri wa miaka 34, kwa vifaa alivyonunua kwa mtu aliyeichoka shughuli hiyo. Enzi hizo kioo cha darubini kilikuwa cha madini, shaba na bati vimeyeyushwa pamoja. Dada yake Caroline ameandika kwamba safari moja William hakuondoa mikono kwenye kioo kwa saa 16, akawa anamlisha matonge. Kalibu walizifinyanga kwa udongo uliochanganywa na kinyesi cha farasi, na Caroline ndiye aliyeutwanga kwenye kinu. Mwaka 1781 walimimina kioo kikubwa, madini yakavuja sakafuni, mawe ya sakafu yakalipuka na kuruka hadi darini, watu wakakimbilia milangoni.

Mwenyewe aliacha hesabu ya vioo alivyotengeneza hadi 1795: vya darubini zenye urefu wa futi 7 si chini ya 200, vya futi 10 vipatavyo 150, vya futi 20 kama 80. Nimezisoma namba hizo mara tatu. Watu humtaja kama aliyejaliwa macho ya ajabu. Mimi naona mtu aliyesaga vioo mamia kwa mamia. Na alipoulizwa aliona vipi ambavyo wengine hawakuviona, alijibu kwamba kuona ni ufundi wa kujifunza, sawa na kupiga ogani.

Caroline sijui kwa nini hatajwi zaidi. Huyo aligundua vimondo vyenye mkia vinane kwa mkono wake.

20 Julai

Leo wembe umeingia na kioo kizima kimefifia kwa pamoja. Kijivu. Hakuna kilima, hakuna bonde. Niliondoka, nikanywa maji, nikarudi. Bado kijivu.

Kwa darubini, umbo linalotakiwa hasa ni parabola, mkunjo unaokusanya miali yote ya nyota mahali pamoja, si tufe. Lakini kwa kipenyo cha 150 na fokasi ya 1,200 tofauti baina ya mawili hayo, ukikadiria tufe linalolingana vyema, ni nanomita 72 hivi kwenye uso wa kioo (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Nuru ya kijani ina urefu wa wimbi wa nanomita 550. Kosa la uso huzaa kosa mara mbili kwenye mwanga unaorudi, kwa hiyo niko kwenye robo ya wimbi, mpaka ambao wasagaji wa zamani walikubali kuishi nao. Ninaacha hapa. Kioo kijacho nitakipeleka mbele.

Nimeona nimeandika "kioo kijacho".

17 Agosti

Boksi la darubini, mbao za msindano. Kitako cha kuzungukia nimefuata mtindo wa John Dobson, yule mtawa wa San Francisco aliyesaga vioo vya madirisha ya meli na kuwaita wapita njia waangalie Mwezi kando ya barabara. Kwenye maungio nimekata vipande vya ndoo ya plastiki, vinateleza vizuri. Kioo kidogo cha kugeuzia mwanga pembeni kimetoka kwenye mashine mbovu ya fotokopi. Vioo vya humo vimepakwa madini upande wa mbele, ndivyo vinavyofaa. Lenzi ya jicho imetoka kwenye darubini ya macho mawili iliyovunjika. Inakuza mara 48.

31 Agosti

Kioo bado hakijapakwa fedha. Ni kioo kitupu, kinarudisha asilimia 4 hivi ya mwanga na kuachia uliobaki upite. Nilitaka kungoja. Bintangu akasema, "Baba, Mwezi una mwanga wa kutupa."

Nusu Mwezi ilikuwa juu kabisa. Tukaelekeza, nikasogeza lenzi, ukungu mweupe ukakusanyika na ghafla ukawa na mashimo. Kwenye mstari wa giza yamepangana matatu makubwa, Ptolemaeus, Alphonsus na Arzachel, kuta zao zina vivuli vikali kama vya nyumba saa kumi na moja jioni. Kioo cha meza ya watu, kilichokataliwa.

Kijana wa dukani alitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Sasa bosi, tukitoza mia mbili mia mbili kila mtu..."

7 Septemba

Kupatwa kwa Mwezi. Mtaa mzima nje, nami nimeitoa darubini barabarani kwa majivuno. Kabla ya kivuli kuingia foleni ilifika kwa muuza chipsi. Kuanzia saa mbili na nusu usiku Mwezi ukawa mwekundu wote, na kwenye darubini yangu ukatoweka. Asilimia 4 ya mwanga wa Mwezi mzima inatosha. Asilimia 4 ya Mwezi uliopatwa ni kama hakuna kitu. Kwa dakika 82 fundi wa darubini alisimama na wenzake akitazama kwa macho matupu, na watoto wakiniuliza kama imeharibika.

27 Septemba

Kupaka fedha, jaribio la kwanza. Mwalimu wa kemia wa sekondari ya jirani amekubali kusimamia, kwa sharti nimpatie kioo cha dirisha la maabara. Nimefunga bei. Njia ni ya karne ya 19, ya Mjerumani Justus von Liebig: nitrati ya fedha, amonia, alikali, na sukari ya glukosi ya kuilazimisha fedha itoke majini na kushika kioo. "Hii ikishachanganywa hatuitunzi hata usiku mmoja," mwalimu alinionya. "Ikikauka inalipuka." Tulivaa miwani na glavu, na yaliyobaki aliyaua papo hapo kwa tindikali ya chumvi.

Fedha ilishika vizuri, isipokuwa mahali pamoja palipobaki tupu, umbo la mviringo lenye mistari. Alama ya dole gumba. Yangu.

4 Oktoba

Jaribio la pili. Nimekisugua kioo kwa pamba na tindikali ya nitriki iliyozimuliwa, nikakisuuza kwa yale maji safi ya kuongezea betri za magari, na hakuna aliyekigusa. Maji yakawa kahawia, yakawa meusi kama kahawa ya Bukoba, na tulipokiinua, uso wangu ulikuwa ndani yake, mkubwa na wenye mikunjo.

12 Oktoba

Zohali. Kwa miezi tisa nimebeba picha kichwani ya sayari iliyovaa kofia pana. Niliyoiona ni duara dogo la manjano lililochomwa sindano. Nikadhani kioo kimeharibika tena. Nikapima nyota, nyota ziko safi. Bintangu ndiye aliyekwenda kusoma: mwaka huu pete zimetuelekezea ubavu, mwezi Machi zilikuwa ubavu kamili, na ni nyembamba kiasi cha kupotea. Zitafunguka pole pole miaka ijayo. Pembeni palikuwa na nukta ya Titan, mwezi mkubwa wa Zohali.

Yule mama wa utomvu alikuja, nilimpelekea salamu. Alitazama sindano ile akasema, "Sasa gundi iko wapi hapo?" Nikamwonyesha kioo. Akajitazama, akarekebisha kilemba.

15 Novemba

Herschel, usiku wa tarehe 13 Machi 1781, akiwa bustanini kwake Bath na darubini ya futi 7 yenye kioo cha inchi 6.2, aliona nukta isiyofanana na nyota. Siku nne baadaye ilikuwa imehama. Alidhani ni kimondo chenye mkia. Ilikuwa sayari ya Uranus. Inchi 6.2 ni milimita 157. Changu ni 150.

Mwaka huu Uranus iko karibu na Kilimia, kishada cha nyota, kile kile cha wazee wetu cha kujulia msimu wa kulima. Programu ya nyota kwenye simu imenionyesha upande wake, kulia kwa Kilimia kinapopanda, umbali wa vidole viwili vitatu vya mkono ulionyooshwa. Kisha nimeizima. Sitaki niambiwe ni nukta ipi.

Katika eneo hilo kuna nukta tatu zenye mng'ao unaokaribiana. Mbili zimekaa jirani, ya tatu iko mbali kidogo, na haziingii zote katika mduara mmoja wa lenzi yangu. Inabidi nisogeze boksi. Nimechora kwa penseli.

18 Novemba

Mawingu hadi saa nne. Upenyo wa dakika kumi. Nimechora tena. Bado hazitoshei. Mchoro wa leo na ule wa 15 haulingani, lakini mchoro wangu hata wa gari haulingani na gari. Sijithubutu kusema kitu.

20 Novemba

Mvua.

22 Novemba

Mvua. Tumefunga vioo vya dirisha la maabara, deni limelipwa.

25 Novemba

Mawingu yamefunguka saa tatu usiku, ardhi bado imelowa. Nimetafuta zile mbili za jirani, nikaziweka ukingoni mwa mduara, na sikuhitaji kusogeza boksi. Ya tatu ilikuwa imeingia upande wa pili. Nimehesabu, nimetoa jicho, nimehesabu tena. Tatu.

Nimemwita bintangu bila kumwambia chochote, nikampa michoro miwili. Aliinama kwenye lenzi, akainuka akatazama karatasi, akainama tena. Kisha akanyoosha mkono bila kutoa jicho, akasema, "Baba, nipe penseli."